Wasiokuwapo wa Gumzo

Msiniulize njia ya kwenda Gumzo. Waliofika hawasimulii walivyofika, na wanaosimulia njia, ukiwabana kidogo, utakuta waliishia sokoni. Itoshe kusema kwamba Mwalimu Mwanakheri Shee alifika, na kwamba alikwenda kwa hiari yake, baada ya kusikia kuna nchi ambako watu wameyachunguza mazungumzo mpaka hakuna kilichobaki cha kuchunguza.

Mwanakheri alikuwa mwalimu wa siku nyingi na mwanamke wa maneno. Simsengenyi, mwenyewe alijisifia. Kwao, akianza habari asubuhi katika ofisi ya walimu, chai hupoa, kengele hulia, na wenzake huondoka mmoja mmoja kwa visingizio vya kutafuta chaki. Yeye aliona ni husuda. "Nimechoka kukaa na watu wasiojua thamani ya mdomo," aliwaambia siku alipoaga, na inasemekana hakuna aliyemzuia.

Mpakani alipokelewa na afisa mwenye mfuko wa punje za mahindi kiunoni. Afisa akamvisha shingoni kibuyu kidogo kitupu, chenye shingo nyembamba.

"Karibu Gumzo, mgeni wetu. Sema."

"Niseme nini, bwana?"

"Vizuri sana," akajibu afisa, akadondosha punje moja kibuyuni. "Endelea hivyohivyo."

"Lakini sijasema kitu."

"Safi kabisa!" Punje ya pili ikaingia.

Hiyo ndiyo sheria mama ya Gumzo, na zote nyingine ni watoto wake. Kila raia huvaa kibuyu. Kila penye watu huwapo mhesabu, mtumishi wa serikali mwenye mfuko wa mahindi, na kila ufunguapo kinywa mbele ya wenzako anakutilia punje moja. Umesema la maana, umesema upuuzi, umemsifu mkweo au umemtukana, punje ni ileile. Jua likikaribia kuzama wahesabu hupita nyumba hadi nyumba wakitikisa vibuyu. Kikilia, ulikuwapo siku hiyo, na punje humwagwa ili kesho uanze upya. Kisipolia, hukuwapo, hata kama ulishinda umekaa katikati ya watu na wote wanakuona. Asiyekuwapo hapakuliwi chakula rasmi, hasalimiwi na kiongozi, na akizoea tabia hiyo Baraza la Mawasiliano humtangaza Hayupo wa Kudumu. Hapo kazi yake hupewa mwingine, na watu wake humwandalia matanga.

Mambo hayo hayakuzuka hivihivi. Yalifanyiwa utafiti. Zamani, mtafiti mmoja mwenye busara alizunguka shule zote za Gumzo akikaa nyuma ya madarasa. Akaona kwamba pale watoto wanapoelewa somo, wanazungumza sana wao kwa wao, na pale wasipoelewa wamenyamaza. Akaandika hivyo, na chini kabisa akaongeza kwamba huenda ni kuelewa ndiko kunakoleta mazungumzo, wala si mazungumzo kuleta kuelewa. Akaomba watu wasikimbilie. Akafa. Wanafunzi wake wakakimbilia. Ni kama mtu aliyeona kwamba penye harusi pana ngoma, akaanza kupiga ngoma nyumba hadi nyumba ili mabinti waolewe.

Tangu hapo Chuo Kikuu cha Gumzo hakijapumzika. Kiligundua kwamba watu waliokaa duara husema zaidi kuliko waliokaa mistari, na madawati yote ya nchi yakapasuliwa kuni. Kiligundua kwamba watu watano husema zaidi kuliko hamsini, basi ikawa marufuku kufanya jambo lolote ila kwa kundi la watu watano. Siku yake ya pili Mwanakheri alikwenda dukani kununua chumvi, akaunganishwa na wanunuzi wengine wanne asiowajua. Wakachagua mwenyekiti, katibu, mtunza muda, mwasilishaji, na mchangamshaji ambaye kazi yake ni kuongoza makofi. Wakajadili umuhimu wa chumvi, changamoto za chumvi na mustakabali wa chumvi, wakaandika kwenye karatasi ya manila, wakamwasilishia mwenye duka. Mwenye duka akasema, "Makofi ya kilo kwa kundi la kwanza!" Chumvi yenyewe ilikuwa imekwisha tangu juzi, lakini hilo halikuwa sehemu ya majadiliano.

Mwanakheri alirudi mikono mitupu na kibuyu kimejaa, akiwa na furaha ambayo hakuijua tangu ujana wake.

Alipelekwa pia kulitazama Baraza. Mwenyekiti wake, Mheshimiwa Ngurumo, alikuwa na kibuyu kikubwa hata kikabebwa na watumishi wawili waliotembea mbele yake, na mtu aliweza kujua anakuja kabla hajatokea. Siku hiyo wajumbe walikuwa wakibishana kama mtu anayekoroma kikaoni anastahili punje. Upande mmoja ulishikilia kwamba koromo ni sauti, na sauti ni mchango. Upande wa pili ulidai kwamba mchango lazima uanze kwa maneno "Nakubaliana na msemaji aliyetangulia," na hakuna mtu aliyewahi kukoroma hivyo. Walipokwama wakaunda kundi la watano, na kundi likaleta maafikiano: koromo lihesabiwe, mradi mkoromaji awe amewekwa kwenye kundi.

Kila msemaji alikubaliana na aliyetangulia. Walikubaliana hata waliokuwa wakipingana, kwa kuwa hakuna aliyejua mwenzake kasema nini. Wakati mmoja anasema, wengine walikuwa wakipanga watakalosema wao, midomo ikichezacheza kama ya mtu anayehesabu tasbihi.

Mwanazuoni aliyemtembeza Mwanakheri, mtu mpole na mwenye miwani, ndiye aliyemweleza kuhusu kusikiliza, bila hata kuulizwa.

"Tulijaribu kupima kusikiliza," alisema. "Tulimweka mtu anayesikiliza, tukamweka na mtu anayewaza atakula nini jioni. Tukawatazama. Wanafanana. Basi kwa kuwa hakupimiki, tumeona hakupo."

"Nakubaliana nawe," akasema Mwanakheri, ambaye alikuwa akiwaza atasema nini jioni.

Mwenyeji wake alikuwa Mwalimu Sikitu, mwanamke wa makamo mwenye kibuyu chepesi, aliyefundisha watoto wa darasa la nne. Mumewe, Bwana Faki, alikuwa mtu mwema wa kawaida wa Gumzo: alizungumza na mkewe kwa kusema wakati uleule anaposema yeye, na Sikitu aliponyamaza Faki alidhani wameelewana. Kila jioni, kabla mhesabu hajapita, Sikitu alitoka uani akawaambia majirani maneno machache kuhusu mawingu, apate punje zake za siku, kama mtu anayelipa ushuru.

Mwanakheri aliipenda nyumba ile kupita kiasi. Jioni ya kwanza alimsimulia Sikitu habari za shule yake. Ya pili, habari za mumewe marehemu. Ya tatu akajikuta anasimulia jinsi mwanawe wa pekee alivyoacha kumwandikia, jambo ambalo hakuwahi kulitamka kwa mtu. Sikitu alikuwa akichambua mchicha. Mara mojamoja alinyanyua uso akauliza kitu kidogo, kisha akangoja. Mwanakheri alilala usingizi mtamu, akidhani nchi ile ina hewa nzuri.

Basi ilikuwa kawaida kwa mgeni wa heshima kutembelea darasa, na Sikitu akamkaribisha lake. Watoto walikuwa wameketi duara, kama sheria isemavyo, vibuyu vikining'inia vifuani. Sikitu akaingia, akawasalimu, akasimama kidogo, kisha akawauliza swali moja.

Wakati swali likiulizwa, Mwanakheri alikuwa nyuma ya duara akitunga hotuba fupi ya shukrani. Alikwisha kupata mwanzo wake, "Nikiwa kama mwalimu mwenzenu," na alikuwa akitafuta mahali pa kuingiza mzaha wa chumvi. Alipopata mahali pake akanyanyua kichwa, akakuta darasa zima limenyamaza.

Haukuwa unyamavu wa kuogopa fimbo, huo aliujua. Watoto walikuwa wakiangalia miguu yao, dirisha, viganja vyao. Msichana mmoja, Mashavu, alikuwa ameuma mdomo wa chini. Sikitu alikuwa amekaa miongoni mwao chini, hasemi, wala haelekei kuwa na haraka. Mwanakheri alijisikia vibaya kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila kubisha hodi.

Ndipo akaingia mhesabu wa shule, Bwana Kidoka, na mfuko wake wa mahindi. Akasimama na punje mkononi, akingoja. Akangoja mpaka mkono ukamchoka. Akawazunguka watoto akivitikisa vibuyu vyao kimoja kimoja, na hakuna kilicholia.

"Lahaula!" akasema, akajitilia punje. "Darasa zima halipo! Na mwalimu pia hayupo! Nani anafundisha nani humu?"

Sikitu akajiwekea kidole mdomoni, kumsihi. Hilo ndilo kosa lililommaliza. Kidoka akatoka mbio kwenda kushtaki, na Mwanakheri akamfuata nyuma mpaka getini, akimweleza hili na lile, kwa nia njema kabisa, na kwa kweli akapata punje nyingi.

Shtaka lilisomwa kesho yake: Mwalimu Sikitu amekutwa hayupo darasani mwake, pamoja na watoto wote. Adhabu inajulikana. Bwana Faki alilia sana, akisema maneno mengi, na Sikitu akamshika bega. Yeye mwenyewe wangeweza kumtangaza vyovyote, alisema Sikitu, angevumilia. Lakini darasa lake lingepewa mchangamshaji kutoka Chuoni, na watoto wale wangefundishwa kupiga makofi mpaka wasahau walichokuwa wanataka kusema.

"Dada," Sikitu akamwambia jioni ile, akimshika mikono. "Kuna kifungu kimoja cha zamani. Kinasema: aulizaye yupo. Mimi niliuliza, kabla Kidoka hajaja. Watoto hawawezi kunishuhudia kwa sababu wao wenyewe hawakuwapo, na mimi siruhusiwi kujisemea, maana nisipokuwapo nitajisemeaje? Umebaki wewe. Watakachotaka ni kitu kimoja, useme niliuliza nini. Swali lenyewe ni..."

"Wewe tulia, dada yangu!" Mwanakheri akamkatiza, na moyo wake ulikuwa umejaa huruma ya kweli. "Mimi si nilikuwapo? Nililisikia kwa masikio yangu haya. Kusema ndiyo kazi yangu. Nitasema mpaka watatoa machozi."

"Najua. Ila nilitaka tu..."

"Usijichoshe! Hebu sikia nitakavyoanza." Akaanza. Akamsomea hotuba yote, akairudia, akaiongezea methali. Sikitu alijaribu tena mara moja, kisha akaacha. Huenda alikuwa amezoea mno kumwachia mwenzake nafasi. Mimi nikifika hapa kwenye hadithi hii huwa natamani angemziba mdomo kwa kitambaa.

Siku ya kusikiliza shauri Baraza lilijaa. Waliitumia hata ile saa ya mwanzo kwa mchezo wa kuchangamsha, kila mjumbe akitaja jina lake na mnyama anayempenda, huku mshtakiwa amesimama. Kidoka akatoa ushahidi wake, nao ulikuwa mfupi: alitikisa vibuyu, hakuna kilicholia. Kisha akaitwa mgeni.

Kwa nini nisiseme kweli? Alisema vizuri. Alianza kwa kukubaliana na msemaji aliyetangulia, ambaye ndiye aliyekuwa akimshtaki rafiki yake. Akasema juu ya wito wa ualimu, juu ya mshumaa unaowaka ili wengine waone, juu ya mama zetu. Akasimulia mzaha wa chumvi. Wajumbe wakacheka, wakafuta macho, wakapiga makofi ya kilo, na punje ziliingia kibuyuni mwake mpaka zikamwagika. Mwanakheri akaketi akimtazama Sikitu kwa ushindi.

Mheshimiwa Ngurumo naye akajifuta uso. "Baraza limeguswa," alisema. "Hakika halijaguswa hivi tangu kisa cha koromo. Sasa ni jambo dogo tu la utaratibu, mgeni wetu, kwa ajili ya karani. Mshtakiwa aliuliza nini?"

Mwanakheri akasimama. Akafungua kinywa. Akaona watoto wameketi duara, akaona Mashavu ameuma mdomo, akaona hata vumbi lililokuwa kwenye mwanga wa dirisha. Akamwona Sikitu akisema, midomo yake inasogea. Lakini mahali pa sauti palikuwa na maneno "Nikiwa kama mwalimu mwenzenu."

"Aliuliza..." akasema. "Aliuliza swali zuri sana. Swali lenye... lenye kugusa maisha ya..."

"Swali gani?"

Akamgeukia Sikitu, na Sikitu alikuwa akimtazama bila hasira hata chembe, kwa subira ileile ya kuchambua mchicha, akingoja. Mwanakheri alitamani ardhi ipasuke. Aibu aliyoiona pale hajawahi kuiona tena, na hakuna aliyemwonea huruma, kwa kuwa wajumbe walikuwa wameshaanza kupanga watakayochangia.

Hapo ikasikika sauti kutoka madirishani. Watoto wa darasa la nne walikuwa wamejipanga nje, vidole vyao vimeshika nondo, na walisema kwa pamoja, polepole, kama watoto wasemavyo kitu wanachokijua kwa moyo:

"Mwalimu aliuliza: kwenu kuna jambo gani ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema?"

Baraza likanyamaza.

Wazee wa Gumzo wanasema halijapata kutokea na haliruhusiwi kutokea tena. Mjumbe wa kwanza aliangalia chini. Wa pili alishika ndevu zake akaziacha. Mzee mmoja, aliyekuwa hajafunga domo lake tangu ateuliwe, machozi yalimlengalenga na akageukia ukutani. Mhesabu wa Baraza alikuwa na punje hewani, hajui amtilie nani. Mheshimiwa Ngurumo mwenyewe alionekana ghafla kama mwanamume fulani mnene, amechoka, aliyekumbuka jambo la nyumbani. Na kwa sheria yao wenyewe, kwa muda huo wote, Baraza la Mawasiliano la Gumzo halikuwapo.

Lingeweza kubaki hivyo kidogo. Labda mmoja wao angesema kitu. Lakini Ngurumo aliona punje ile iliyoning'inia hewani, akashtuka kama aliyekanyaga moto.

"Naunga mkono hoja!" akanguruma.

"Hoja gani, Mheshimiwa?" akauliza karani.

"Hiyohiyo!"

"Naunga mkono!" "Nakubaliana na aliyetangulia!" "Na mimi ningependa kuongezea!" Mahindi yakamiminika. Mjumbe mmoja akauliza kama kuna mtu aliyesikia sauti dirishani, mwenzake akamkumbusha kwamba watoto wale hawakuwapo, na kuwasikia wasiokuwapo ni ugonjwa. Wakacheka kwa faraja. Kabla makofi hayajaisha, Mwalimu Sikitu alikuwa amekwisha kutangazwa Hayupo wa Kudumu, na darasa la nne limekwisha kupewa mchangamshaji, kijana mwenye filimbi. Kisha, kwa kauli moja, Baraza likaamua kumtunukia Mwalimu Mwanakheri Shee kibuyu cha shaba kwa ushahidi bora kuliko wowote uliowahi kutolewa mbele yake. Angekabidhiwa jioni ile.

Matanga yalianza saa hiyohiyo. Wafiwa waliketi uani kwa Bwana Faki katika makundi ya watano watano, mada yao ikiwa "Mchango wa Marehemu katika Jamii," wakiandika kwenye manila. Marehemu aliwapitishia kahawa. Kila alipoinama na kikombe walimpokea bila kumtazama, wakaendelea kumsifia kwamba alikuwa mtu wa watu. Faki alikuwa katikati yao analia kwelikweli. Mara mbili alinyanyua mkono kumgusa mkewe anapopita, na mara mbili mtunza muda akamwambia zamu yake ya kuchangia imefika.

Mwanakheri alikuwa amejificha jikoni nyuma ya nyumba, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Alikuwa ametunga maneno ya kuomba radhi, maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Sikitu alipoingia na birika tupu, akalitua, akakaa kwenye kibao cha mbuzi kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, maneno yale yote Mwanakheri akayaona ni makapi. Akabaki na moja tu alilotaka kulijua.

"Mtoto gani alijibu?" akauliza. "Sisi tulipotoka. Kuna aliyejibu?"

Sikitu akalisogeza birika kando. "Mashavu," alisema.

"Alisema nini?"

Sikitu hakujibu upesi, na Mwanakheri hakulijaza lile pengo. Ilimuuma mbavuni kama kichomi, lakini hakulijaza.

"Alisema kwao kila mtu anajua kwamba bibi haoni tena," Sikitu akaanza, polepole. "Hakuna aliyetamka. Wanamwekea kikombe palepale kila siku ili mkono ukikute. Akiletewa khanga mpya wanangoja aiguse, halafu wanauliza, bibi umeionaje? Naye anasema, inang'aa hiyo. Mashavu anasema bibi anajua kwamba wanajua. Na usiku..."

"Hodi!"

Alikuwa Kidoka, mlangoni kwa nje, amevaa rasmi. Nyuma yake zilisikika ngoma za Baraza.

"Hodi humu! Namtafuta Mgeni Msemaji, anangojwa kukabidhiwa kibuyu cha shaba! Baraza zima limesimama! Kuna mtu?"

Mwanakheri alikuwa na jibu ulimini. Neno moja lingetosha. Lingempa punje, na shaba, na picha yake ukutani Chuoni, na heshima ambayo kwao hakuipata kwa miaka yote ya kusema. Alimwona Sikitu amekatika katikati ya habari, mdomo bado wazi kidogo, macho yakienda mlangoni na kurudi, kama mtu aliyekwisha kuzoea kwamba habari zake huishia hapo.

Kidoka akachungulia. Aliwaona wote wawili. Macho yake yalipita juu ya Sikitu, yakafika juu ya Mwanakheri, yakakaa hapo kitambo, yakingoja. Alikuwa na punje tayari kati ya vidole.

Mwanakheri hakutikisika.

Mhesabu akairudisha punje mfukoni, kwa masikitiko ya mtumishi anayefuata kanuni. "Hakuna mtu humu," akawapigia kelele wale wa ngoma, akaenda zake. Uani makofi ya kilo yalipigwa kwa kundi la pili.

Mwanakheri alijisogeza kwenye kinu mpaka magoti yao yakagusana, akamtazama mwenzake usoni.

"Na usiku," Sikitu akaendelea, "Mashavu analala naye. Bibi akidhani mtoto amelala, anampapasa uso wote, taratibu, paji, pua, mashavu, asije akasahau alivyo."